Nifute kerneli yangu nianze upya, au niendelee kuitengeneza?

SWALI: "Jambo yenu Yaya. Niko mwanafunzi wa informatiki hapa Lubumbashi, nakaa Katuba. Tangu mwaka jana najenga mfumo endeshi wangu mwenyewe, hasa kerneli yaani kiini chake, wa biti 32, kwa kujifunza tu. Unawaka kwa GRUB (programu inayopakia mfumo mashine ikiwashwa), unaandika kwenye skrini, una saa pembeni, kibodi, na sehemu ndogo ya kupokea amri. Lakini makosa yamekuwa mengi. Nikiandika mbio mbio kibodi inakufa, ijapokuwa saa inaendelea kutembea. Nilipanua bafa ya kibodi (mahali herufi zinaposubiri kusomwa) toka nafasi 16 hadi 256, ikapona, kisha ikarudia nilipoacha kidole juu ya kitufe wakati amri moja ilikuwa inaendelea. Mara nyingine mashine inajiwasha upya yenyewe bila kusema kitu, na nikiongeza mstari mmoja wa kuandika ili nione kinachotokea, tatizo linapotea. Nikiikompaili kwa -O2 (kompaila iboreshe msimbo uende kasi) inakwama kabisa. Tena nikibonyeza A inatoka Q. Marafiki wananiambia nifute yote nianze upya, moja kwa moja katika biti 64. Munanishauri nini? Ninawatumia na faili la kibodi mulitazame."

JIBU: Mdogo wangu, jambo sana. Usifute kitu.

Wewe unaona makosa mengi. Mimi nikisoma barua yako naona machache, labda manne, yanayojitokeza kwa sura mbalimbali, na kila moja lina mahali pake pa kutafutwa. Ukifuta leo, kesho utaandika kibodi ile ile kwa mikono ile ile, kwa sababu bado hujajua kilichoiua. Kosa usilolielewa linahama nawe hadi kwenye kerneli mpya. Na utakuwa umetupa kitu chenye thamani kubwa sana katika kazi hii: mfumo unaowaka, ambao unaweza kuupima asubuhi na jioni.

Tuanze na kibodi, maana faili lako ninalo hapa na kosa linaonekana kwa macho. Fanksheni yako inasoma baiti moja kutoka poti 0x60, mlango wa kibodi. Halafu inaangalia kama bafa imejaa. Ikiwa imejaa, inarudi palepale. Ikiwa haijajaa, inaweka baiti ndani ya bafa, inapeleka 0x20 kwenye poti 0x20, ndipo inarudi. Soma tena mfuatano huo polepole. Ile 0x20 ndiyo taarifa kwa chipu ya 8259, ile inayopanga intarapti (miito ya vifaa inayoikatiza prosesa), kwamba umemaliza kuhudumia. Bafa ikijaa, unatoka bila kutoa taarifa. Chipu inabaki inaamini kwamba IRQ1, yaani mwito wa kibodi, bado iko mikononi mwako, kwa hiyo haikuletei tena IRQ1 wala intarapti yoyote ya cheo cha chini yake. Saa yako inatumia IRQ0, ambayo cheo chake kiko juu ya IRQ1, basi yenyewe inaendelea kama kawaida.

Kumbe jibu lilikuwa ndani ya swali lako. Uliandika kwamba saa inatembea wakati kibodi imekufa. Hilo ni jambo la kwanza ambalo ningependa uzoee kulipa uzito: kitu gani bado kinafanya kazi wakati kingine kimesimama? Kama saa nayo ingesimama, tungetafuta kwingine, kwa mfano kwenye amri ya cli (inayozuia intarapti) isiyofuatwa na sti (inayoziruhusu tena), au kwenye fanksheni inayozunguka bila kutoka. Kwa kuwa saa ni nzima, mambo karibu yote yaliyobaki yanaondoka mezani.

Dawa ni mstari mmoja: peleka 0x20 mara tu baada ya kusoma 0x60, kabla ya kuangalia bafa. Kusoma 0x60 usikuache kamwe, hata bafa ikijaa, maana usipochukua baiti ile, kidhibiti cha kibodi hakitakuletea inayofuata. Herufi isiyopata nafasi itupwe, na uweke hesabu ya zilizotupwa ili siku moja uone kama zimezidi.

Sasa tuzungumze kuhusu zile nafasi 256, kwa sababu hapo ndipo ugonjwa wa kerneli nyingi za kujifunza unapoanzia. Ulipopanua bafa, kosa halikuondoka. Lilisogea mbali, mahali ambapo hulifikii kwa urahisi, hadi siku kidole kilipokaa juu ya kitufe na hakuna aliyekuwa anaitoa baiti hata moja. Kosa linalotokea kila dakika ni rafiki yako, unaweza kulikamata. Linalotokea mara moja kwa wiki litakula miezi yako. Kwa hiyo nakuomba ufanye kinyume cha ulichofanya: rudisha bafa iwe 16, kisha ipunguze zaidi, iwe na nafasi 2. Iache kanuni yenye kosa ilivyo, andika herufi chache, kibodi itakufa mbele yako karibu kila mara. Ndipo hamisha ule mstari. Andika tena mbio mbio, bonyeza kitufe ukiache. Ikiwa bafa ya nafasi 2 inapoteza herufi lakini kibodi haifi, umelipata. Baadaye weka ukubwa wowote unaoona unafaa, ukiwa unajua unauweka kwa sababu gani.

Kabla ya kubadilisha chochote, andika kwenye daftari sentensi tatu: ninachokiona, kinachokisababisha, na kwa nini badiliko hili linakiondoa. Kama sentensi ya pili haiandikiki, rudi kutafuta. "Nimepanua bafa, ikapona" haina sentensi ya pili ndani yake.

Tuje kwenye mashine inayojiwasha upya, ambayo ndiyo inakutisha zaidi. Prosesa za x86 haziwashi upya kwa hasira. Likitokea kosa, kwa mfano kusoma anwani isiyopangwa kwenye kurasa za kumbukumbu, prosesa inatafuta kwenye IDT (jedwali la fanksheni za kupokea makosa na intarapti) fanksheni ya kulipokea. Ikishindwa kuifikia, inatoa kosa la namba 8, yaani kosa juu ya kosa. Hilo nalo likikosa wa kulipokea, prosesa inakata tamaa na kuanza upya. Kwa hiyo "imejiwasha yenyewe bila kusema kitu" maana yake ni kwamba ilijaribu kusema mara mbili na hukuweka masikio. Weka masikio kwanza, kabla ya kipengele kingine chochote kipya.

Kazi yenyewe ni ya siku chache. Namba 0 hadi 31 kwenye IDT ni za makosa ya prosesa; kila moja iwe na fanksheni yake, hata kama zote zinaishia mahali pamoja. Mahali hapo paandike namba ya kosa, msimbo wa kosa, rejista zote (vihifadhi vidogo ndani ya prosesa), EIP (anwani ya amri iliyokuwa inaendeshwa), na kama ni kosa namba 14 paandike pia CR2, ambayo ndiyo inabeba anwani iliyoleta matatizo. Kisha isimame kwa cli na hlt (amri ya kuisimamisha prosesa). Usiitegemee skrini peke yake, maana skrini inafutika na inaweza kuwa ndiyo iliyoharibika. Andika kwenye poti ya COM1, anwani 0x3F8, na uwashe QEMU (programu inayoigiza mashine nzima) kwa -serial stdio ili maneno yatokee kwenye terminali yako, au -serial file:kumbukumbu.txt ili yabaki. Ukishapata EIP, amri ya addr2line itakuambia faili na mstari, mradi ulikompaili kwa -g.

Na hata kabla hujaandika fanksheni hizo, QEMU inaweza kukusaidia leo hii. Iwashe kwa -d int -no-reboot -no-shutdown, na -D ukitaka maelezo yaende kwenye faili. Usiweke -enable-kvm, kwa sababu ukiiweka orodha hiyo haitoki. Utaona kila intarapti na hali ya rejista zake. Nenda mwisho wa faili halafu panda juu taratibu. Utakuta v=08 (v ni namba ya kosa kwa heksadesimali), na juu yake kosa lililoitangulia, mara nyingi v=0e au v=0d. Hilo la juu ndilo mzazi. Namba 8 ni mtoto tu. Wengi wanapoteza wiki nzima wakimchunguza mtoto.

Kuhusu mstari wa kuandika unaofukuza tatizo: usiufurahie, na usiuache ndani ya msimbo kama dawa. Ukiongeza mstari, unabadilisha muda ambao intarapti inakuja, unabadilisha jinsi kompaila inavyogawa rejista, na vitu kwenye kumbukumbu vinahama. Kosa lipo, limepiga mahali pasipouma. Hilo, pamoja na kukwama kwa -O2, linanifanya nishuku sehemu mbili ambazo ni ndugu.

Ya kwanza ni faili lako la asembli, ile sehemu inayoingia kabla ya fanksheni ya C kila intarapti inapokuja. Ifungue uangalie inahifadhi rejista gani. Fanksheni ya C katika biti 32 ina ruhusa ya kuharibu EAX, ECX na EDX bila kumwomba mtu. Kama wewe unahifadhi EAX peke yake, basi kila mpigo wa saa unaweza kumwachia aliyekatizwa ECX na EDX ambazo si zake. Kwa -O0, yaani bila uboreshaji, kompaila inaweka karibu kila kitu kwenye staki (sehemu ya kumbukumbu ambamo fanksheni zinaweka vitu vyao vya muda) na kukisoma upya, ndiyo maana uharibifu huo hauonekani sana. Kwa -O2 vitu vinakaa ndani ya rejista kwa muda mrefu, na hapo kila kitu kinaanguka. Tumia pusha mwanzoni na popa mwishoni. Weka cld kabla ya kuita C. Kwa makosa ambayo prosesa inasukuma msimbo wa kosa kwenye staki (namba 8, 10 hadi 14, na 17), kumbuka kuuondoa kabla ya iret (amri ya kurudi kutoka kwenye intarapti); ukiusahau, iret itarudi kwenye anwani ya ajabu na utaona v=0d au v=0e isiyoeleweka.

Ya pili ni kigeu kinachohesabu mipigo ya saa. Bila shaka una fanksheni ya kusubiri, inayozunguka mpaka hesabu ifike namba fulani. Kompaila ikiangalia ndani ya mzunguko huo haioni mtu yeyote anayeibadilisha hesabu. Haijui habari za intarapti. Kwa -O2 inasoma hesabu mara moja, inaiweka kwenye rejista, na inazunguka hadi mwisho wa dunia. Huko ndiko kukwama kwako, kwa maoni yangu. Kigeu hicho kiwe volatile, neno la C linaloilazimisha kompaila kukisoma upya kila mara. Hicho, na vingine ambavyo intarapti inaviandika na msimbo wa kawaida unavisoma. Usimwage volatile kila mahali kwa hofu, kwa sababu hapo utakuwa umerudi kwenye mchezo wa nafasi 256.

Angalia pia staki. GRUB haikuahidi staki yoyote. Ni wewe unayetenga nafasi na kuiweka ESP, rejista inayoonyesha staki ilipofika, juu yake. Kilobaiti 16 zinatosha mwanzoni, ila ukiwa na safu ya baiti 4096 ndani ya fanksheni, na fanksheni hiyo inaita nyingine yenye safu kama hiyo, utaona zinavyokwisha haraka. Weka namba unayoitambua, kama 0xDEADBEEF, chini kabisa ya staki, na kila mpigo wa saa uiangalie. Siku ikibadilika, simamisha mfumo na useme kwa sauti kwenye COM1. Ni mistari mitatu tu, na inakamata kosa karibu na mahali linapozaliwa.

Sasa kuhusu kutengeneza kidogo kidogo bila kubomoa kilichokuwa kizima, ambalo nadhani ndilo swali lako la kweli.

Badiliko moja, hifadhi moja kwenye Git (chombo kinachotunza historia ya msimbo). Ukirekebisha kibodi, usiguse rangi za skrini siku hiyo hiyo katika hatua hiyo hiyo, hata kama mikono inawasha. Na maelezo ya hatua yaseme sababu. Kwa mfano: "kibodi: peleka 0x20 kabla ya kuangalia bafa, awali IRQ1 ilibaki imefungwa bafa ikijaa." Miezi sita ijayo maneno hayo yatakufaa kuliko "nimerekebisha kibodi". Kila hatua unayoihifadhi iwe inakompailika na kuwaka. Hapo ndipo git bisect inapopata nguvu: kama kuna hatua 64 kati ya siku mfumo ulipokuwa mzima na leo, bisect inagawa katikati kila mara, na baada ya vipimo 6 hivi inakuonyesha hatua iliyoleta kosa. Ukiwa na hatua 1000, ni vipimo 10 hivi. Lakini kama nusu ya hatua zako hazikompailiki, chombo hicho hakitakusaidia. Nasi hapa Lubumbashi tuna sababu ya ziada ya kuhifadhi mara kwa mara: umeme unaweza kukatika wakati wowote, na betri za mashine zetu nyingi tunazijua.

Kipimo chenyewe usikiache mikononi mwako peke yake. Kuwasha mfumo na kuchezea vitufe kila baada ya badiliko kunachosha, na ukichoka unaruka vipimo. QEMU ina kifaa kiitwacho isa-debug-exit. Ukiongeza -device isa-debug-exit,iobase=0xf4,iosize=0x04, kerneli yako inaweza kuifunga QEMU yenyewe kwa kuandika namba kwenye poti 0xf4, na QEMU inatoka na namba hiyo mara mbili jumlisha moja. Ukiandika 0x10, inatoka na 33. Basi tengeneza namna ya kuwasha kerneli ambayo haipokei amri. Inaendesha vipimo vyake na kutoka. Kipimo cha kwanza kiwe cha kibodi: ita ile fanksheni inayopokea baiti mara 300 mfululizo bila mtu wa kuzitoa, kisha hakikisha bafa bado ina mpangilio na hesabu ya zilizotupwa ni sahihi. Kila kosa unalolimaliza liache kipimo nyuma yake. Skripti ya mistari michache iendeshe vyote, kwa -O0 na kwa -O2. Kitu kinachopita kwa moja na kuanguka kwa nyingine ni habari njema, maana umekiona ukiwa mezani kwako.

Ukiwa na makosa mengi kwenye daftari, anza na yanayoharibu kumbukumbu. Kosa la rejista au la staki linaweza kujionyesha kama kosa la kibodi, la skrini, la saa, la chochote. Ukiliondoa, huenda mengine mawili kwenye orodha yatakufa nalo. Yanayonyamazisha mashine yafuate. Yanayoudhi tu, kama A na Q, yanaweza kungoja, ijapokuwa mimi ningekuruhusu ulifanye hilo mapema kwa ajili ya moyo wako.

Maana hilo la A na Q ni zuri kulifanya. Kibodi haipeleki herufi. Inapeleka namba ya mahali pa kitufe. Kitufe cha 0x10 kwenye kibodi ya Kimarekani kimeandikwa Q, kwenye AZERTY zetu (kibodi zenye mpangilio wa Kifaransa) kimeandikwa A. 0x1E ni kinyume chake. 0x11 kwetu ni Z na 0x2C ni W, na M imehamia 0x27. Ulinakili jedwali la Wamarekani, basi. Toa jedwali ndani ya draiva, liweke kwenye faili lake, na draiva ipewe tu anwani ya jedwali la kutumia. Utahitaji mawili, kwa sababu kwenye mashine za mitumba zinazouzwa hapa utakutana na AZERTY ya Ufaransa na ya Ubelgiji, nazo hazifanani: alama ya @ kwa Wafaransa iko AltGr pamoja na kitufe cha à, kwa Wabelgiji iko AltGr pamoja na cha é. AltGr yenyewe inakuja kwa baiti mbili, 0xE0 halafu 0x38, kwa hiyo draiva yako lazima ikumbuke kwamba imeona 0xE0. Tarakimu zinataka Shift. Na é kwenye skrini ya maandishi ya VGA, yenye herufi za asili za jedwali 437, ni namba 130; ç ni 135, à ni 133, è ni 138. Siku utakapoandika "électricité" ndani ya mfumo uliojenga mwenyewe na ikatokea sawasawa, utaelewa kwa nini watu wanaipenda kazi hii.

Usione haya kwamba jedwali lako lilikuwa la nchi moja tu. Linus Torvalds alikuwa na miaka 21, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alipowaandikia watumiaji wa Minix (mfumo endeshi mdogo wa kufundishia) tarehe 25 Agosti 1991 kwamba anatengeneza mfumo endeshi kwa kujifurahisha. Linux 0.01 iliyotoka Septemba mwaka huo ilikuwa na mistari kama 10,000, na kibodi yake ilikuwa ya Kifini tu. Kufikia Machi 1992 aliona yuko karibu kumaliza, akairukisha namba hadi 0.95. Toleo la 1.0 lilitoka Machi 1994, miaka miwili baadaye. Hizo 0.05 zilizobaki zilijaa marekebisho madogo madogo, mengi yakitoka kwa watu waliokuwa wakiijaribu kwenye mashine zao na kumtumia mistari michache ya kubadilisha. Hakufuta akaanza upya. Alibadilisha vipande vikubwa, naam, lakini kimoja kimoja, huku mfumo ukiendelea kuwaka.

Na wewe kuna vipande utavibadilisha vizima. Ruhusa ipo, mradi uweze kusema kitu gani kipande cha zamani hakiwezi kukifanya. "Kigawa kumbukumbu changu hakirudishi nafasi iliyoachwa" ni sababu. "Msimbo wangu ni mchafu" si sababu; uchafu unasafishwa ukiwa unafanya kazi. Majina ya fanksheni yabaki yale yale, kipya kikae pembeni ya cha zamani, vipimo viendeshwe kwa vyote viwili, kisha cha zamani kiondoke katika hatua yake peke yake.

Ukishakuwa na vipimo, jaribu kwenye mashine halisi. Tafuta ya zamani yenye BIOS (programu ya zamani ya kuwasha mashine), kama hizi za Core 2 Duo zinazopatikana kwa bei nafuu, kwa sababu mashine mpya za UEFI pekee (iliyochukua nafasi ya BIOS) hazina ile skrini ya maandishi ya 0xB8000 unayoitegemea. Huko kuna mambo QEMU inayakuficha. Kumbukumbu ndani ya QEMU inaanza ikiwa sifuri tupu. Kwenye mashine halisi ina takataka zilizoachwa na BIOS na GRUB. Ukichukua ukurasa kwa ajili ya jedwali la kurasa bila kuufuta kwanza, QEMU itakuchekea na mashine halisi itajiwasha upya. Ukiandika kwenye COM1 halisi kwa kasi ya 115200, kila baiti inachukua mikrosekunde kama 87, yaani mstari wa herufi 80 unakula karibu milisekunde 7. Kama saa yako inapiga mara 100 kwa sekunde, mstari mmoja ndani ya intarapti unamaliza sehemu kubwa ya muda kati ya mipigo miwili. Kwa hiyo ndani ya intarapti andika namba fupi kwenye safu ya kumbukumbu, na uzitoe nje baadaye, au pale mfumo unapoanguka.

Kuhusu biti 64, marafiki zako hawana kosa la kuipenda, wamekosea wakati tu. Uliyo nayo ni mali ya biti 32, na makosa manne niliyotaja yatakufuata kule na kupata wenzake. Pusha na popa hazipo katika biti 64. Utasukuma rejista moja moja, nazo ni nyingi zaidi. Ukisahau -mno-red-zone wakati wa kukompaili kerneli, kompaila itatumia baiti 128 zilizo chini ya RSP (ndiyo ESP ya biti 64) ikiamini hakuna atakayezigusa, na kila intarapti itaziandika juu. Faida kubwa utakayoipata ni IST, orodha ya staki za dharura, inayokuwezesha kulipa kosa namba 8 staki yake mwenyewe, ili hata staki ya kerneli ikiisha uweze kuandika RIP (ndiyo EIP ya biti 64) kabla ya kuanguka. Maliza kwanza masikio, lile faili la asembli, kigeu cha saa na vipimo. Vikipita vyote kwa -O0 na -O2, fungua tawi jipya kwenye Git, uhamishe sehemu ya kuwasha peke yake, uone kama inaandika herufi moja kwenye COM1 ikiwa katika biti 64. Halafu leta IDT. Kibodi na jedwali lake la AZERTY vitahama karibu bila kuguswa.